Wahaka wa Nyumba na Mafungu Yake

Husemwa sana, na aghalabu husemwa na watu walioshiba, kwamba maisha ya ahali ni mchanganyiko wa uchungu na utamu, na kwamba mwenye busara ni yule aliyeweza kuvipima viwili hivyo moyoni mwake hata kimoja kisikizidi kingine. Kauli hii ina uzuri wa masikioni, nami sina haja ya kuibishia yote. Lakini kwa kadiri nilivyozitazama nyumba za miji yetu ya pwani, na hasa za Tanga, ambazo nazijua kwa ndani kuliko nyingine, naona ina kasoro moja kubwa, nayo ni kulidhani jambo hili kuwa ni shauri la moyo wa mtu mmoja. Nyumba haina moyo mmoja. Ina baba, ina mama, ina auladi, ina bibi aliyeletwa kutoka Muheza kwa ajili ya matibabu, ina binamu aliyekuja kwa siku chache akakaa miaka. Na ukitaka kujua kama nyumba hiyo imesawazika, usiulize ina mashaka mangapi na furaha ngapi, bali uliza mashaka yake yamemlalia nani, na furaha zake huchumwa na nani.

Sheria ya Kiislamu imetuwekea mafungu ya mirathi kwa hesabu iliyo wazi, hata thumni ya mjane na sudusi ya mzazi hujulikana kabla mtu hajafa, na wakiteta warithi yuko kadhi wa kuwaamua. Lakini wahaka, ambao ndio mali ya pekee ambayo maskini na tajiri wote huwaachia watu wa nyumbani mwao ilhali wenyewe wangali hai, hauna fungu wala kadhi, na kwa hiyo humwangukia yeyote aliye karibu na jiko.

Tutwae mfano wa mwezi wa Januari, ambao ndio mwanzo wa mwaka wa masomo katika Tanzania, na ndio mwezi unaoikuta mifuko imekaushwa na sikukuu. Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake za msingi na za sekondari hata kidato cha nne, na mwaka 2022 neema hiyo ikafikishwa kwa kidato cha tano na cha sita. Na baba wa nyumba, asikiapo habari hiyo katika redio, hushusha pumzi, nayo ni haki yake kuishusha, kwa sababu ada ilikuwa mzigo ulioonekana na wenye risiti. Walakini mama ndiye ajuaye kwamba sketi ya mwaka jana imepanda juu ya magoti, kwamba viatu vya kaka mtu vitamfaa mdogo wake ikiwa vitatiwa soli mpya, kwamba madaftari yanayotakiwa ni ya kurasa nyingi na si yale yaliyosalia kabatini, kwamba kuna mchango wa chakula cha mchana ulioamuliwa katika kikao cha wazazi ambacho yeye peke yake ndiye aliyekihudhuria, na kwamba hayo yote yameangukia juma lile lile ambalo mtoto mchanga ana siku yake ya kliniki na LUKU imebakiza yuniti za kuhesabika kwa vidole. Hakuna hata moja katika mambo haya lililo kubwa. Lau lingekuwa kubwa lingeitiwa ukoo, watu wakaja, mkeka ukatandikwa, wakashauriana hata likapata mwenyewe. Udogo wake ndio unaolifanya libaki kichwani mwa mtu mmoja, ambaye hulala nalo na kuamka nalo, na ambaye akiulizwa anawaza nini hujibu kwamba hawazi kitu, kwa maana huona haya kusema kuwa amekosa usingizi kwa ajili ya soli.

Nisije nikadhaniwa kwamba nawashitaki wanaume wenzangu bure bilashi, na niseme pia kwamba baba ana wahaka wake, na pengine mzito kuliko aonekanavyo. Yuko dereva wa bodaboda aliyepewa pikipiki kwa mkataba, ambaye kila jioni, mvua inyeshe au jua liwake, hana budi kupeleka hesabu kwa mwenye chombo kabla hajanunua hata kibaba cha unga. Yuko fundi seremala aliyepanga vyumba viwili Ngamiani, ambaye mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi mmoja mmoja bali ya miezi sita kwa mkupuo. Na wako wengi, zaidi ya wanaokiri, waliochukua ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, inayotolewa upesi na kudaiwa upesi zaidi, na ambayo mdai wake hajui mlango wa faragha. Mwanamume wa namna hii huingia nyumbani akanyamaza. Mkewe hudhani amekasirika. Watoto hupunguza sauti. Chakula huliwa kwa adabu isiyo na ladha. Na katika wale wote waliolizunguka sinia kila mmoja ana siri yake, akidhani kwamba kumficha mwenzake ndiko kumwonea huruma.

Hapa ndipo ilipo ila ya desturi yetu, nami naisema kwa staha kwa kuwa desturi yenyewe ni njema. Watu wa pwani tumelelewa katika sitara. Tulifundishwa kwamba dhiki ya nyumba haivuki kizingiti, kwamba mgeni akija hata siku ya ukata hukaribishwa kwa bashasha na kuandaliwa kilichopo kana kwamba ndicho kilichokusudiwa, na kwamba anayeyatoa ya ndani akayaweka barazani amejivua nguo mwenyewe. Fadhila hii imezihifadhi nyumba nyingi zisidharauliwe, na sioni sababu ya kuiacha kwa kuwaiga wale wanaotangaza kila jambo lao kwa kila apitaye. Lakini sitara ilikusudiwa itukinge na macho ya nje. Haikukusudiwa mume ajisitiri kwa mkewe, wala mke kwa mumewe, hata ikawa watu wawili wanaolala kitanda kimoja hujuana dhiki zao kwa kuambiwa na mdai.

Sasa tuziangalie furaha, kwa sababu nazo zina mgawanyo wake, nao umekosa insafu kama ulivyoikosa ule wa wahaka. Baina ya alasiri na isha mji wa Tanga una buraha ambazo hazihitaji mali: kuna kahawa chungu inayouzwa katika vikombe vidogo pamoja na kashata, kuna bao linalochezwa kwa kelele nyingi kuliko idadi ya wachezaji, kuna upepo wa Raskazone, na kuna kibanda umiza ambamo kijana, kwa fedha isiyofika bei ya chakula chake cha mchana, huitazama Coastal Union ikicheza ugenini, akamghadhibikia mwamuzi na kulisahau deni lake kwa muda wa mchezo. Ni furaha halali zote, nami mwenyewe nazishiriki. Lakini tazama ni za nani. Saa ile ile ambayo baba anasogeza kete, mama anapepea mkaa ulioloa, huku mtoto mmoja yuko mgongoni na mwingine anauliza jibu la hesabu za shule. Furaha za mwanamume zina mahali pake na saa yake, na jamii imezipa ruhusa; furaha za mwanamke huokotwa njiani, baina ya kazi na kazi, na akionekana ameketi bila ya kushika kitu mkononi ataulizwa kama anaumwa.

Pengine ni kwa sababu hiyo wanawake wakabuni taratibu ambayo naiona kuwa ni ya akili kuliko hotuba zetu zote, yaani kibati, ambacho wengine hukiita upatu. Wanawake kumi, tuseme, hukubaliana kila mmoja atoe shilingi elfu tano kwa juma, na kila juma fedha yote, ambayo ni elfu hamsini, hupewa mmoja wao kwa zamu, hata wote wawe wamepokea. Hakuna riba, hakuna karani, hakuna rehani ila uso wa mtu. Na kijumbe, ambaye ndiye mkusanyaji na mshika orodha, huweza kuzibadili zamu ikiwa mmoja amefiwa au amelazwa mtoto wake. Kwa hesabu kavu hakuna aliyepata hata senti moja zaidi ya aliyoitoa, na mtu mwenye akili za haraka angeweza kuuliza faida yake i wapi. Faida ya kwanza ni kwamba fedha iliyokuwa ikiponyoka kwa mia mia, leo kiberiti, kesho nauli, imekuja kwa mkupuo ikatosha sare za watoto na soli ya kiatu kile. Faida ya pili haiandikiki, nayo ni ile saa ya kukaa mkekani siku ya kupokezana, ambapo kila mmoja huyasema aliyoyaficha nyumbani kwake, huku chai inamiminwa na vitumbua vinapitishwa, na aliyeanza kwa kulia huishia kwa kucheka kwa kuwa mwenziwe amemwigiza mdai namna alivyobisha hodi akijifanya mgeni wa heri. Nimewasikia wanaume wakiudhihaki mkutano huu kuwa ni wa umbeya. Umbeya umo, sikatai, kama ulivyomo barazani petu. Tofauti ni kwamba wao wakiondoka pale mmoja wao ana sare za wanawe, na sisi tukiondoka kwetu tumejua tu nani atafukuzwa katika timu.

Wala kuikumbuka furaha katikati ya mashaka si jambo geni katika fasihi yetu. Mwana Kupona binti Mshamu, alipoutunga wasia wake kwa binti yake Mwana Hashima yapata mwaka 1858, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na nguvu za Sultani wa Unguja, naye mwenyewe alikuwa ameshikwa na maradhi ambayo hakupona, kwani alifariki miaka michache baadaye. Mtu wa hali hiyo, mwenye binti wa kumwacha katika dunia ya vita na hila, angeweza kuandika wasia wa machozi matupu, na hapana ambaye angemlaumu. Badala yake, pamoja na ibada na adabu, na pamoja na yale ya utii kwa mume ambayo wasomaji wa leo huyateta na ambayo mimi pia siyakubali yote, alikumbuka kumwelekeza mwanawe juu ya kujipamba, juu ya hina, manukato na asumini. Wasomi wengi hupita hapo upesi, wakihesabu kwamba hilo ni pambo la utenzi tu. Mimi husimama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu naona kwamba mgonjwa yule hakudhani kuwa asumini ina wajibu wa kungoja hata maradhi yaishe. Watanijibu kwamba pambo lenyewe aliliusia kwa ajili ya kumpendeza mume. Ni kweli, lakini harufu ya asumini haikufikia pua ya mume peke yake.

Karne iliyofuata, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliyeingia katika ukarani wa forodha mwaka 1926 na kuishi kwa mshahara wa serikali sehemu kubwa ya umri wake, aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Siwezi kujua ni mashaka gani ya masurufu aliyokuwa nayo usiku alipoandika, ila najua kwamba karani hakosi mashaka hayo, na kwamba kumkalia mtoto ukamtungia beti mia ni kazi ambayo baba hakuona kuwa iko chini ya hadhi yake.

Nimetaja watoto, na fungu lao ndilo linalogawanywa vibaya kuliko yote. Wako wazazi wanaowaficha kila kitu, wakidhani kwamba mtoto hasikii kwa kuwa hajibu. Na wako wengine ambao, katika saa ya ghadhabu, humtupia mtoto wa miaka saba hesabu yote ya chakula alichokula na ada aliyolipiwa, kana kwamba aliomba kuzaliwa kwa hati ya maandishi. Baina ya hayo mawili iko njia ambayo bibi zetu waliijua. Mtoto wa miaka kumi anayeelezwa kwa upole kwamba mwezi huu viatu ni vya mdogo wake na mwezi ujao vitakuwa vyake, huvumilia kwa fahari, kwa sababu amefanywa mmoja wa wenye nyumba. Na yule anayeambiwa anyamaze huvumilia kwa kinyongo, na huendelea kuuliza. Kwa upande wa furaha watoto hawahitaji fungu kutoka kwetu kwa wingi tunaodhani, maana wao ndio wazalishaji wake: kombolela wakati wa magharibi, rede inayochezwa kwa mpira wa soksi kuukuu, vicheko ambavyo sababu yake haielezeki kwa mtu mzima. Kinachotakiwa kwetu ni kutoka nje tukatazama kidogo. Mama hukosa kutazama kwa kuwa yuko jikoni, na baba kwa kuwa yuko kwenye bao.

Liko fungu jingine ambalo hatulitaji kabisa, nalo ni la jamaa walio ghaibu. Nyumba nyingi za Tanga, Pemba, Unguja na Mombasa zina ndugu Maskati, na ndugu huyo, ambaye huenda anafanya kazi katika nyumba ya watu wengine na kupumzika kwa saa za kuhesabu, hupokea habari za kwao kwa simu baada ya kuchujwa kwa namna ya ajabu: za dhiki hufika zote, na za furaha husahauliwa. Ujumbe wa sauti huanza kwa salamu ndefu, hupita katika dua, ukaishia katika dawa ya bibi na bati la jikoni linalovuja. Mimba hatangaziwi hata ifike siku ya kulipa hospitali. Harusi huijua kwa mchango anaotakiwa. Hapana anayekumbuka kumpelekea sauti ya mtoto anayejifunza kutamka jina lake, au kelele za watu wakicheka usiku umeme ulipokatika na bibi akasimulia kisa cha ujana wake, na hali jambo hilo halina gharama ila ya bando ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelilipia. Mtu huyu tumemkabidhi wahaka wa nyumba ambayo haimo machoni pake, kisha tukamnyima hata harufu ya furaha yake.

Wala sisemi kwamba kila kinachochangamsha nyumba kinafaa. Harusi iliyokopewa na vijora vya sare vilivyonunuliwa kwa fedha ya kodi vimeacha mdai mlangoni, na wahaka utakaozaliwa hapo, kwa desturi yetu, utamwangukia yule yule ambaye hakucheza ngoma kwa kuwa alikuwa akipakua pilau. Lakini ukali wetu aghalabu huwaangukia wasiostahili. Mwenye deni akionekana jioni akimnunulia mwanawe barafu ya ubuyu, watu hunong'ona kwamba ndiyo sababu halipi, kana kwamba bei ya barafu ile, ikiwekwa, ingetimiza kodi ya miezi sita. Ubakhili wa namna hii hatuwafanyii matajiri, ambao israfu zao huitwa ukarimu.

Ninalolitaka ni dogo, na linawezekana bila ya kungoja waraka wa serikali. Siku fedha iingiapo nyumbani, nyingi au chache, watu wazima wa nyumba hiyo wakae baada ya isha, kila mmoja ayataje yale anayoyakumbuka kwa niaba ya wengine, na yagawanywe kwa majina: siku ya kliniki ni ya fulani, mkaa ni wa fulani, kikao cha shule ni cha fulani. Nasisitiza kukumbuka, wala si kusaidia tu, kwa sababu mwanamume anayesema "Mama Fulani, niambie la kufanya nami nitafanya" amejitolea mikono yake na kuuacha mzigo wenyewe, ambao uko kichwani, pale pale ulipokuwa. Na kwa kuwa amesema kwa upole, hata kumlalamikia huonekana ni utovu wa shukurani. Deni nalo litajwe hapo hapo, na mwenye nalo, kabla mwingine hajalisikia kwa jirani. Kisha na furaha zigawanywe kwa mtindo huo huo, kwamba alasiri fulani ni ya mama, akaenda kibatini au Raskazone au kokote atakako, bila ya mtoto mgongoni na bila ya kuulizwa amechelewa wapi.

Wenzangu wa barazani, ambao nimewasomea sehemu ya maneno haya, wameniuliza kama nakusudia kuwafungia kahawa yao. Sikusudii. Nakusudia kwamba katika juma iweko jioni moja ambayo mwenye zamu ya jiko ni baba, na kwamba jioni hiyo asimpigie mkewe simu kumwuliza chumvi iko wapi.